Namba ya Moyo Isisomwe Peke Yake

Mgonjwa amelala chali, mikono juu ya kichwa, kamera ya gama ikimzunguka taratibu. Mshipani amekwisha kudungwa dawa yenye teknetiamu-99m, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Kompyuta inagawa misuli ya chumba cha kushoto cha moyo katika vipande 17, kila kimoja kinapewa alama kuanzia 0 hadi 4, kisha zinajumlishwa. Jumla hiyo ndiyo inayodaiwa kujua nani atapatwa na shambulio la moyo.

Iaminiwe? Kwa kundi la watu, ndiyo. Wanaotoka na picha safi, kwa kawaida hawafiki asilimia 1 kwa mwaka wanaopata shambulio au kufa kwa ugonjwa wa moyo. Tena programu haina siku mbaya: ukiipa picha ileile inarudisha jibu lilelile, ahadi ambayo madaktari wawili hawawezi kuitoa.

Kwa mtu mmoja mmoja mambo ni mengine. Kila kipande hupimwa kwa kulinganishwa na kile kinachong'aa zaidi. Mishipa mitatu mikuu ya moyo ikiziba kwa kiasi kimoja, misuli yote hufifia pamoja na picha huweza kuonekana safi, ilhali mwenye moyo huo ndiye aliye hatarini kuliko wote. Mioyo midogo, hasa ya wanawake, nayo huidanganya kompyuta: chumba huonekana kidogo kuliko kilivyo, na asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo hupanda bure. Halafu programu za hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles na za vyuo vikuu vya Emory, Atlanta, na Michigan zinaweza kutofautiana juu ya moyo huohuo, maana kila moja hutafuta ukingo wa misuli kwa njia yake.

Na kutabiri si kutibu. Utafiti wa ISCHEMIA, uliotangazwa 2019 baada ya kufuatilia wagonjwa 5,179, haukuona kwamba kuwahi kuzibua mishipa kunapunguza vifo kuliko kuanza na dawa pekee, ingawa vipimo vilikuwa vimeonyesha moyo unakosa damu.

Kwa maoni yangu, ripoti isiyotaja programu iliyotumika ni pungufu. Mgonjwa anayerudia kipimo apimwe kwa programu ileile, na daktari azitazame picha zenyewe kabla ya kutia sahihi.