Sufuri ya Kompyuta Si "Hakuna"

Siku hizi kazi nyingi za mwisho wa masomo zinazohusu lugha zina jedwali la hesabu: neno hili limetokea mara ngapi, kiambishi kile mara ngapi. Jedwali hupendeza macho na mbele ya juri huleta heshima. Lakini ukimwuliza mwenye kazi hesabu ilipatikanaje, mara nyingi utaambiwa kuna mtu mwenye kompyuta aliyemfanyia. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi wa lugha ambaye hajaendesha skripti kwa mkono wake na kusoma matokeo kwa macho yake, asiliweke jedwali hilo katika kazi yake.

Skripti ni faili ya maandishi yenye maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine: fungua maandiko, kata maneno, yahesabu, yaonyeshe. Wengi wetu hukata tamaa mlangoni. Tunabofya faili mara mbili katika Windows, dirisha jeusi linatokea na kupotea kabla hatujasoma neno. Tunadhani skripti imekufa, kumbe huenda imefanya kazi yote. Dirisha lilifunguliwa kwa ajili yake tu, na ilipomaliza nalo likafungwa. Dawa ni kulifungua dirisha kwanza. Kompyuta zetu nyingi zinasema Kifaransa, kwa hiyo tafuta "Invite de commandes", nenda kwenye folda yenye faili, kisha andika: python hesabu.py. Matokeo yatabaki mbele yako. Ukitaka kuyahifadhi, ongeza: > matokeo.txt.

Hapo kuna jambo ambalo anayefanyiwa kazi na mwingine halijui. Alama hiyo hupeleka kwenye faili matokeo ya kawaida tu; malalamiko ya programu hubaki kwenye skrini. Aliyeketi mbele ya mashine ameyaona. Wewe unayeletewa faili kwenye flashi huyaoni kamwe, na jedwali lako linaweza kuwa limekatika katikati.

Hata pasipo malalamiko, matokeo yanahitaji msomaji. Chukua jina ambalo hakuna mtu wa Likasi asiyelijua: Gécamines. Maandiko yakihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, na skripti ya Python ikayafungua katika Windows bila kuambiwa hivyo, mara nyingi jina hilo husomwa "GÃ©camines". Kwa kuwa © si herufi, skripti inayokata maneno kwa kufuata herufi italipasua vipande viwili: "GÃ" na "camines". Kompyuta haitatoa kosa lolote. Itahesabu vipande hivyo kwa uaminifu, na mji mzima wa wachimbaji utakosa neno lake muhimu katika orodha. Kuongeza encoding="utf-8" katika mstari wa kufungua faili kunatosha kuponya jambo hilo, lakini ataliponya nani kama hakuna aliyeitazama orodha?

Mfano unaotuuma zaidi uko katika Kiswahili chenyewe. Skripti nyingi na orodha nyingi za maneno zilizotengenezwa kwa Kiswahili zimejengwa juu ya Kiswahili sanifu. Korpasi ya Helsinki, kwa mfano, ina takriban maneno milioni 25, nayo imetegemea hasa magazeti na vitabu. Ni hazina kubwa, siibezi. Lakini endesha skripti inayotafuta "watoto", "watu" na "vitu" juu ya mazungumzo yaliyorekodiwa Kikula au Panda. Utapata sufuri, au karibu na sufuri, kwa sababu huku watu husema batoto, batu na bintu. Mashine imejibu sawasawa swali ililoulizwa. Swali ndilo lililokuwa la mahali pengine.

Kubadili "wa" kuwa "ba" peke yake hakutoshi. Ukiiambia skripti ihesabu kila neno linaloanza na "ba", itakuletea batu na batoto, lakini pia baba, bado, barua na bahari. Anayejua kwamba "ba" ya batu ni kiambishi cha wingi na "ba" ya barua sivyo, ni sisi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kazi hii ni ya wanafunzi wa informatiki. Wao wanaweza kutufundisha amri. Kugundua kwamba orodha inadanganya ni kazi ya mwenye lugha.

Tuna maandiko yanayostahili uangalifu huo. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kama ilivyokumbukwa na waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Katika maandiko hayo mipaka ya maneno haikufuata kanuni moja: mwandishi huunganisha hapa, hutenganisha pale. Skripti inayodhani kwamba neno ni kilicho kati ya nafasi mbili itatoa hesabu ambayo hakuna mtaalamu atakayeweza kuitetea, ila kama amesoma matokeo mstari kwa mstari na kuamua mwenyewe neno ni lipi.

Najua pingamizi: kompyuta ni chache, umeme hukatika, mtandao ni ghali. Ni kweli. Lakini kuendesha skripti ya kuhesabu maneno hakuhitaji mtandao. Kisakinishi cha Python hakifiki megabaiti 50, na flashi moja inatosha darasa zima. Kompyuta kuukuu iliyobaki na saa moja ya betri itahesabu mahojiano ishirini kabla haijazimika.

Ninachopendekeza hakigharimu kitu. Kila kazi yenye takwimu za lugha iambatane na skripti yenyewe, maandiko yaliyohesabiwa, na matokeo jinsi yalivyotoka, kabla hayajapambwa kuwa jedwali. Siku ya kutetea, juri imwombe mwanafunzi aiendeshe mbele yao, kisha aeleze mistari mitatu watakayoichagua wenyewe. Asiyeweza, jedwali litoke na kazi ibaki na hoja zake. Walimu wetu wakikubali, tuanze na kazi za mwaka huu.