Namba 115: Je, mama asiyesikia ataipigaje?

Mama mjamzito akianza kutokwa damu, mambo matatu humponza: familia kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kwa anayeishi mbali na lami, iwe vijiji vya ndani vya Handeni au milimani Bungu, Korogwe, la pili ndilo gumu zaidi.

Mfumo wa M-Mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2022, ulilenga hapo hapo. Ukipiga 115, bila malipo, mhudumu hukuuliza maswali kwa kuongozwa na programu ya kompyuta. Huamua mgonjwa apelekwe kituo kipi, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye malipo yake hutumwa kwa simu. Wanaohudumiwa ni wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga wasiozidi siku 28.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo: vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Tusiipe M-Mama sifa yote, kwani ilisambazwa nchini wakati kazi kubwa imeshafanyika. Ila kushuka huko hakumsaidii mama ambaye hawezi kupiga simu.

Simu inadai sauti na masikio. Mama kiziwi aliyebaki nyumbani na mtoto mchanga anayeshindwa kupumua ataelezaje? Na asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, hapati kitu pale namba za dharura zinapowekwa mtandaoni kama picha tupu ya bango.

Hili si ombi la hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinazitaja huduma za dharura waziwazi. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu. Uingereza, kiziwi hujisajili mapema, kisha huomba msaada kwa ujumbe mfupi kwenda 999. Ujumbe wa namna hiyo hauhitaji simu janja.

M-Mama ilijengwa kwa ushirikiano wa Serikali, wafadhili, wahudumu na madereva. Viziwi na wasioona nao waketi kwenye meza hiyo wakati programu inaboreshwa, si kuitwa kupiga makofi siku ya uzinduzi.

Wakati tukidai hayo, wewe mzazi fanya haya:

- Hifadhi 115 kwenye simu zote za nyumbani, na mfundishe mtoto mkubwa kuipiga.
- Kama mama hasikii, mteue mapema jirani atakayempigia, na mkubaliane ishara ya kumwamsha usiku.
- Andika kwenye karatasi jina la kijiji, kitongoji na alama inayojulikana, kama shule au msikiti.
- Usisubiri ukiona damu, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto mchanga asiyenyonya.

Kwenye kliniki ijayo, muulize muuguzi: asiyesikia atapataje gari? Swali hilo likiulizwa na wengi, litafika kwa wanaoboresha mfumo.