Kusubu Si Kumwaga Tu

Mkono wa sufuria ukikatika uji ukiwa motoni, fundi aliyeisubu hulaumu vyuma chakavu. Mara nyingi kosa ni la umwagaji. Alumini iliyoyeyuka hufanya utando mwembamba mara ikutanapo na hewa. Ikiingia katika kalibu kwa kasi ipitayo nusu mita kwa sekunde, uso wake huvunjika, na utando hujikunja ndani ukawa ufa usioonekana. Kasi hiyo hupatikana kwa kuanguka milimita 13 tu!

Basi, ndugu fundi, mfereji wa kushukia uwe mwembamba, ujae daima usivute hewa. Njia ya kuingilia ipanuke, iwe chini ya kalibu, ili alumini ipande taratibu. Lakini isichelewe ikaganda njiani.