Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Watu wengine hudhani ya kuwa hadithi za kuchekesha hazina mafundisho, ni za kupotezea wakati tu. Dhana hiyo si ya kweli. Yatosha kutazama hadithi moja, nayo ni ya sinema iitwayo Enchanted, iliyotolewa Marekani mwaka 2007.

Katika nchi ya Andalasia, ambayo haipo ila katika hadithi, alikuwako msichana jina lake Giselle. Wanyama wa mwituni walimtumikia. Akiimba, kazi hufanyika. Alikutana na mwana wa mfalme, na siku ya pili yake akawa tayari kuolewa naye. Malkia, mama wa kambo wa kijana yule, aliogopa kupoteza kiti chake, akamsukuma kisimani. Giselle akazuka katika shimo la barabarani mjini New York, amevaa nguo ya arusi.

Hapo ndipo kicheko kianzapo. Giselle aliona jumba la kifalme, akabisha mlangoni. Kumbe ni picha ya tangazo. Aliwaimbia wanyama waje kusafisha nyumba aliyokaribishwa. Wakaja wanyama wa mjini, yaani njiwa, panya na mende. Mwana wa mfalme naye, alipokuja kumtafuta, aliona gari limejaa abiria, akadhani ni dude lililomeza watu, akalichoma upanga.

Walakini mtu akiishia kucheka hapo, amepata nusu tu ya hadithi. Mwenyeji wa Giselle alikuwa Robert, wakili wa mambo ya talaka. Mkewe alikuwa amemwacha yeye na binti yao mdogo, naye hakutumaini tena mapenzi ya kudumu. Giselle alipowakuta ofisini mume na mke wanaotaka kuachana, alilia machozi. Kilio kile kilionekana upumbavu, maana watu wa pale walikuwa wamekwisha kuizoea talaka hata wasione huzuni yake. Macho ya mgeni ndiyo yaliyoiona. Baadaye mume na mke wale wakapatana.

Wala mgeni hakuondoka mikono mitupu. Alijifunza kwamba yafaa watu wajuane kabla ya kuoana. Tena siku moja alikasirika, jambo ambalo halijampata maishani mwake, akafurahi sana kwa kuwa amejua hasira ni nini.

Basi, kicheko chema ni kile kimrudiacho mwenyeji. Mtoto wa shamba akiingia shule ya mjini, pengine hajui desturi za pale, na wenzake humcheka mpaka akaogopa kusema. Kosa lake litakwisha kwa siku chache, kwa kuwa atazoea. Lakini maswali yake yakizimwa, hakuna mwingine wa kuyauliza. Mgeni huja, na mwenyeji hupona. Lakini mwenyeji amfungaye mgeni kinywa hubaki na ugonjwa wake.