Hesabu ya Watu na Sura ya Nchi



Nina rai juu ya wale ambao, kila wazitajapo kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, hugawa idadi ya watu kwa ukubwa wa ardhi wakadhani wameijua nchi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, ilhali Kitui, yenye kilomita za mraba zipatazo 30,000, yakaribia kuwa mara nne ya jirani yake. Lakini hesabu hiyo haisemi kwamba watu wa Makueni wamesongamana katika vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako mvua haina hiana sana, wala kwamba mashariki ya Kitui, kuelekea mpaka wa kaunti ya Tana River, mtu aweza kwenda masafa marefu pasipo kuona moshi wa jiko.

Wala haisemi maji yako umbali gani. Huko Mutha, kwetu Kitui, wakati wa kiangazi, wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu hata shimo likawafika kiunoni, wakangoja maji yajitokeze, wakayateka kidogo kidogo kwa kata hadi dumu lijae, na punda wamesimama juani. Na mto Athi, utenganishao Kitui na Makueni, hutupita na maji yake, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukamwagika baharini karibu na Malindi. Nasi tulio kando yake tuna kiu, ajabu ya Mola!

Naomba basi wagawao fedha za visima wapime pia umbali wa kutoka mlangoni hadi majini.


Mkaazi wa Mutomo, Kitui