NANI AMEMCHAGUA MKAGUZI?



Kila mwaka vitabu vya fedha vya chama chetu hukaguliwa, na hesabu hupelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Hatujapata kumsikia mwanachama hata mmoja akinung'unika juu ya jambo hilo. Lakini tuseme mhazini aliyeangushwa katika uchaguzi anakuja ofisini na rafiki yake, amwambie karani: "Nipe vitabu. Huyu ndiye mkaguzi, na mshahara wake watalipa watu wangu." Karani angefunga mlango. Jambo la namna hiyo lilitendeka Marekani mwaka 2021, wala si juu ya daftari la fedha, ila juu ya kura za watu zaidi ya milioni mbili, na mlango haukufungwa.

Uchaguzi wa Rais ulifanywa Novemba 2020. Katika jimbo la Arizona Bwana Joe Biden alimshinda Bwana Donald Trump kwa kura 10,457. Wilaya kubwa ya jimbo hilo ni Maricopa, ulipo mji wa Phoenix, na baraza linaloiongoza lilikuwa na watu wanne wa chama cha Republican, yaani chama cha Trump mwenyewe, na mmoja tu wa chama cha Democratic. Sehemu ya kura zilihesabiwa tena kwa mkono. Kampuni mbili zenye idhini ya kazi hiyo zilikagua mashine. Kosa la kubadili matokeo halikuonekana.

Hapo ndipo kazi ingekwisha. Lakini wakubwa wa Republican katika Seneti ya jimbo walitaka jibu jingine. Walizitwaa karatasi zote za kura kwa amri ya sheria, wakazitia mikononi mwa kampuni ya Florida iitwayo Cyber Ninjas, ambayo haikuwa na uzoefu wowote wa kukagua uchaguzi, na ambayo mkubwa wake alikuwa amekwisha kueneza maneno kwamba kura ziliibwa. Mkaguzi alikuwa na hukumu mfukoni kabla ya kufungua daftari.

Kazi ilianza Aprili katika ukumbi wa michezo wa Phoenix. Mwandishi wa gazeti aliona mezani kalamu za wino wa buluu, wino ambao mashine za kura husoma, na mwenye nia mbaya angeweza kuiharibu kura ya mtu kwa nukta moja tu. Baadaye karatasi zilimulikwa kutafuta nyuzi za mianzi, kwani ulikuwa umezuka uvumi kwamba kura elfu arobaini zililetwa kwa ndege kutoka Asia. Tusicheke sana, maana watu wazima walilipwa kwa kazi hiyo. Seneti ilitoa dola 150,000. Dola zaidi ya milioni tano zilitoka kwa makundi yaliyomuunga mkono Trump.

Septemba 24, 2021 ripoti ikasomwa. Kwa hesabu yao wenyewe Biden alizidi kura 99, na Trump akapungua kura 261! Januari iliyofuata jaji aliitoza kampuni hiyo dola 50,000 kila siku kwa kukataa kutoa barua ambazo umma una haki ya kuzisoma, nayo ikatangaza kwamba inafunga kazi.

Basi wengi walisema mambo yamekwisha, ukaguzi umewaaibisha wenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Mwizi hakupatikana, ni kweli, lakini shaka ilikaa hai miezi mingi, na chini ya kivuli cha shaka hiyo sheria zilipita. Mei 11, 2021, karatasi zikali juu ya meza hazijamalizwa kuhesabiwa, Gavana Doug Ducey alitia sahihi sheria ya kuwaondoa katika orodha ya kupelekewa kura kwa posta wale wasioitumia miaka minne na wasioijibu barua ya kuulizwa. Machi 2022 akatia sahihi nyingine, ya kudai hati za kuthibitisha uraia, ambayo ilipelekwa mahakamani mara moja.

Ukiwauliza sababu, wasema watu wamepoteza imani na uchaguzi. Ni nani aliyeichukua imani hiyo? Mtu atia mchanga katika unga, kisha aja kutuambia kwamba duka hili lifungwe, unga wake una mchanga.

Si Arizona peke yake. Kituo cha Brennan cha New York, ambacho huhesabu sheria hizi, kilisema kwamba mwaka 2021 majimbo 19 yalipitisha sheria 34 za kufanya upigaji kura kuwa mgumu zaidi. Katika Wisconsin Spika wa Republican alimwajiri jaji mstaafu, Michael Gableman, achunguze uchaguzi. Kazi ilikula dola zaidi ya milioni moja, na mwisho Spika huyo huyo akamfukuza Agosti 2022. Huko gavana alikuwa wa chama kingine, naye aliikataa miswada iliyoletwa mezani kwake. Asingekuwapo huyo, wapiga kura wa Wisconsin wangepata ya Texas.

Na ya Texas yatugusa sisi hasa. Mwaka 2020 katika wilaya ya Harris, ulipo mji wa Houston, vituo vinane vilifunguliwa usiku kucha, ili mfanyakazi wa zamu apige kura yake akitoka kazini. Wengine walipiga kura wakiwa ndani ya motokaa. Trump alishinda jimbo hilo. Hapakuwa na kilio cha kuibiwa. Hata hivyo Septemba 7, 2021 sheria ilitiwa sahihi, na kura za mapema sasa hupigwa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku tu. Za motokaa zikakatazwa. Siku kumi na sita baadaye, Trump alipoandika barua kudai ukaguzi, jimbo likatangaza kukagua wilaya nne, Harris ikiwa mojawapo. Huko sheria ilitangulia na ukaguzi ukafuata, kama askari anayekamata kwanza kisha akatafuta kosa. Katika uchaguzi wa awali wa Machi 2022 kura za posta zaidi ya 20,000 zilikataliwa, nyingi kwa sababu ya namba ya kitambulisho.

Hatusemi kitambulisho ni kibaya. Hapa kwetu hakuna apigaye kura bila kitambulisho au pasipoti, na hatujalia. Wala hatusemi uchaguzi usichunguzwe. Mwaka 2008 Tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini iliundwa kwa mapatano ya pande zote mbili zilizogombana, nayo ikasema wazi kwamba uchaguzi wetu wa 2007 uliharibika hata haiwezekani kujua nani alishinda. Hakuna upande uliofurahi. Hiyo ndiyo alama ya mkaguzi asiyetumwa.

Twayaandika haya kwa kuwa kuna karatasi inazunguka matawini, yatafutwa sahihi. Yataka kura za uchaguzi wa chama uliopita zihesabiwe upya na watu watakaochaguliwa na wagombea walioshindwa. Tena yataka sanduku la zamu ya usiku, linalowekwa langoni saa za alfajiri, liondolewe "mpaka imani irudi." Wenye karatasi hiyo hawajaleta jina hata moja la mtu aliyepiga kura mara mbili. Tumewaomba mara mbili.

Mwenye malalamiko ana njia: amwandikie Msajili, au aende mahakamani, alete ushahidi. Akitaka kura zihesabiwe tena, zihesabiwe mbele ya pande zote, na mhesabu akubaliwe na wote kabla ya sanduku kufunguliwa. Sanduku la usiku lisiguswe. Wajumbe watakapokutana mwezi ujao azimio hilo litasomwa. Sisi tutalipinga, na tutaomba majina ya watakaoliunga mkono yaandikwe katika kitabu cha mkutano, ili wenzetu wa zamu ya usiku wayasome watokapo kazini.