Tafakari ya Wiki: Sheria Iliyoandikwa na Bunduki Iliyobaki Nyumbani



Baadhi yetu tuna watoto na ndugu wanaoishi Marekani, na kila tusikiapo habari za mauaji ya risasi huko, twajiuliza: sheria zao ziko wapi? Wapo wanaojibu kwamba sheria hazifai kitu, kwa sababu mhalifu hatii sheria. Hoja hiyo tunaikataa, na leo tunaeleza kwa nini.

Kwanza, sheria zipo. Tangu mwaka 1968, mwaka waliouawa kwa risasi Martin Luther King na Robert Kennedy, sheria ya shirikisho humkataza kuwa na silaha ya moto mtu aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa. Mwaka 1996 wakaongezwa waliohukumiwa kwa kuwapiga wake zao au watu wa nyumbani mwao, hata pale ambapo kosa limeandikwa kuwa dogo. Majimbo nayo yametunga sheria zao juu ya hizo. Hatuulizi, basi, kama mtu wa namna hiyo amekatazwa. Amekatazwa. Tunauliza ni nani atakayekwenda kuichukua bunduki ambayo tayari anayo.

Tuangalie jimbo la Illinois. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Aurora alipewa kadi ya kumiliki silaha, ingawa mwaka 1995 alikuwa amehukumiwa huko Mississippi kwa shambulio baya. Akanunua bastola. Alipoomba kibali cha kuibeba hadharani ikiwa imefichwa, alama za vidole zikafichua hukumu ile ya zamani. Kadi ikafutwa, akaandikiwa barua. Sheria ilimpa saa 48 kuirudisha kadi na kueleza silaha ameikabidhi kwa nani. Hakufanya hivyo, wala hakuna aliyehakikisha kwamba bastola imetoka mikononi mwake. Tarehe 15 Februari 2019, siku aliyoachishwa kazi, aliwaua kwa bastola hiyo hiyo wafanyakazi wenzake watano. Je, hapo sheria ilishindwa na mhalifu? Hasha! Ilishindwa na ofisi zilizotosheka na barua.

Tena tukumbuke kanisa la Sutherland Springs, Texas, ambako Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2017 waliuawa watu 26 wakiwa ibadani, akihesabiwa na mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama yake. Muuaji alikuwa amehukumiwa na mahakama ya kijeshi mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Jeshi la Anga halikuipeleka hukumu hiyo kwenye kumbukumbu zinazochunguzwa mtu anaponunua silaha. Akaingia dukani, akachunguzwa, akaonekana safi. Mwaka 2021 jaji aliamua kwamba serikali yenyewe ilibeba asilimia 60 ya lawama.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu wazibika. Huko California, kwa kura ya wananchi ya mwaka 2016, anayehukumiwa hutakiwa kukabidhi silaha zake, na afisa huieleza mahakama kama kweli zimekabidhiwa. Jimbo hilo lina pia orodha ya watu waliokatazwa ambao bado wanajulikana kuwa na silaha, na maofisa hutumwa kuwafuata majumbani. Orodha ni ndefu, imezidi watu 20,000; lakini angalau wanajulikana. Illinois nayo ilirekebisha sheria yake mwaka 2021, baada ya makaburi matano.

Watatuambia kwamba kumiliki silaha ni haki ya Katiba yao. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo haijulikani kwa uadui dhidi ya bunduki, iliamua mwezi Juni 2024, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa hatari kwa maisha ya mwenziwe anaweza kunyimwa silaha kwa muda. Wengine watasema kwamba mkosaji aliyetubu asiadhibiwe milele. Hilo twalikubali: uwepo mlango wa kurudishiwa haki mbele ya hakimu. Lakini mlango wa hakimu si sawa na uzembe wa karani.

Tunafundishwa kuungama pia kutotimiza wajibu. Serikali inayomkataza mtu bunduki, kisha ikamwachia aendelee kuilaza chini ya kitanda chake, imemdanganya mke anayelala chumba hicho hicho. Kwa hiyo tunawaomba ninyi wenye jamaa wapigao kura huko, waandikieni. Wasimwulize mgombea kama anapenda sheria kali au nyepesi. Wamwulize: mtu akikatazwa leo, kesho nani atabisha hodi mlangoni pake?

Tuwaombee marehemu wote hao, na wajane na yatima waliobaki. Mungu awabariki.